Ramani ya simu ikikuchepusha: namna ya kujua kosa liko wapi

Programu ya ramani haina wazimu. Inapokutoa barabara kuu yenye lami safi, ikakupitisha nyuma ya maghala na kando ya mtaro, halafu ikakurudisha barabara ile ile mita mia tatu mbele, ujue kuna hesabu imepigwa, na mara nyingi hesabu yenyewe imetoka sawasawa. Kilichokosewa ni kimojawapo kati ya vile ilivyopewa ivihesabu: mahali unapokwenda, chombo unachoendesha, mahali ulipo, au barabara zenyewe jinsi zilivyochorwa. Mwongozo huu ni wa kukagua vitu hivyo kimoja kimoja, kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe, nikianza na makosa ninayokutana nayo mara nyingi.

Kwanza tuisafishe setelaiti jina, maana ndiyo inayolaumiwa kila siku na haihusiki. Setelaiti za GPS, zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya vichwa vyetu, kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo, basi. Simu hupokea matangazo hayo, ikapiga hesabu, ikajua iko wapi. Hakuna setelaiti iliyowahi kumwambia mtu akunje kushoto. Anayesema hivyo ni yule dada wa ndani ya simu, naye anasoma ramani iliyochorwa na watu.

Hatua ya 1: Itazame njia nzima kabla hujawasha gari

Wengi wetu tunaandika jina la mahali, tunabonyeza "anza", tunaondoka. Usifanye hivyo. Bana skrini kwa vidole viwili mpaka uone mwanzo na mwisho wa safari kwa pamoja, kisha jiulize maswali mawili: mstari unaelekea upande ninaoufahamu? Kilomita zinalingana na akili ya kawaida?

Mwaka 2013 mwanamke mmoja wa Ubelgiji alitoka nyumbani kwenda kituo cha treni Brussels, safari ya kilomita 60 hivi. Akaifuata sauti ya kifaa chake, akajaza mafuta njiani, akalala kidogo ndani ya gari, na siku mbili baadaye akajikuta Zagreb, Kroatia. Watu walicheka sana, lakini kosa lake tunalo wengi: aliufuata mshale bila kuutazama mstari. Mshale unakuonyesha kona inayofuata tu, na kwenye kona moja moja hakuna njia inayoonekana ya ajabu.

Ukishautazama mstari, kariri majina matatu ya mahali utakapopita. Dakika nzima haiishi, na baadaye ukipita mahali ambapo si mojawapo utashtuka mapema.

Hatua ya 2: Ikague pini, usiliamini jina

Mwaka 2009 wanandoa wa Uswidi waliokuwa wakienda kisiwa cha Capri, kusini mwa Italia, waliandika Carpi. Carpi ni mji wa viwanda kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, kama kilomita 650 kutoka walikotaka. Herufi mbili zilibadilishana nafasi tu. Februari 2016 mtalii Mmarekani aliyetua Iceland alikuwa na anwani ya hoteli iliyoko Laugavegur, barabara maarufu ya Reykjavík, umbali wa saa moja hivi kutoka uwanja wa ndege. Anwani aliyopewa ilikuwa na "r" moja ya ziada, Laugarvegur, na barabara yenye jina hilo ipo kweli: iko Siglufjörður, pwani ya kaskazini. Alifika huko baada ya kuendesha kwa saa nyingi kwenye barafu, akagonga mlango, akaambiwa hoteli yake iko alikotoka.

Kwa hiyo ukishaandika jina, usitosheke kuliona limetokea. Liguse, soma jina la wilaya au mkoa ulio chini yake, kisha ikuze ramani pale penye pini, ile alama inayoonyesha mahali unapokwenda, utazame kilichopo. Mwishoni mwa 2012 polisi wa Victoria, Australia, walilazimika kutoa onyo kwa madereva kwa sababu ramani ya Apple ilikuwa imeuweka mji wa Mildura katikati ya hifadhi ya taifa ya Murray-Sunset, kilomita 70 hivi kutoka mji wenyewe, mahali pasipo na maji na joto linaloweza kufika nyuzi 46. Apple walirekebisha. Lakini yeyote ambaye angeikuza ramani angeona kwamba anapelekwa porini, pasipo na mtaa wala nyumba.

Kuna kosa jingine la pini lisiloandikwa magazetini, nalo ndilo linalowapata watu wengi zaidi. Chukua chuo, kiwanda au hospitali yenye eneo kubwa. Pini imewekwa katikati ya eneo hilo. Programu haiwezi kukupitisha kwenye majani, kwa hiyo inatafuta mstari wa barabara ulio karibu zaidi na pini hiyo, kwa umbali wa mstari ulionyooka. Kama barabara iliyo karibu zaidi ni uchochoro wa nyuma ya ukuta, hapo ndipo utakapoambiwa "umefika", unatazama seng'enge. Dawa yake ni rahisi: usielekeze kwenye jina, bonyeza kwa kidole na ushikilie pale lilipo geti, na uifanye pini hiyo mpya kuwa mwisho wa safari.

Ukitumiwa namba za mahali badala ya jina, kumbuka kwamba kwenye programu nyingi latitudo huja kwanza na longitudo pili, na kwamba alama ya kutoa mbele ya latitudo maana yake ni kusini mwa ikweta. Ukiiacha hiyo alama, unavuka ikweta bila pasipoti.

Hatua ya 3: Fungua mipangilio

Siku moja nilikuwa nimempakia mama mkwe. Safari ya dakika 40 ikaingia saa ya pili, tunapenya vijiji kwa vijiji, na kwa mbali tunaiona barabara kuu, magari yanateleza. Mama mkwe ni mtu wa maneno machache. Alivumilia mpaka tuliposimama kusubiri mbuzi wavuke.

"Baba," akasema, "hii simu yako inatupeleka au inatutembeza?"

Sikuwa na jibu. Nililipata jioni, nilipofungua mipangilio: miezi mitatu nyuma niliwahi kuazima pikipiki ndogo isiyoruhusiwa barabara kuu, nikawasha "epuka barabara kuu", nikarudisha pikipiki, nikasahau kuzima. Simu haikusahau. Ilikuwa inanitii miezi mitatu yote, na kwa kuwa safari zangu nyingi ni fupi, za mitaani, sikuwahi kugundua.

Kagua vitu hivi: aina ya chombo (gari, pikipiki, baiskeli, miguu), kisha yale ya kuepuka, yaani barabara kuu, barabara za kulipia na vivuko. Baadhi ya programu zina pia chaguo la njia inayookoa mafuta. Likiwashwa, unaweza kupewa njia inayochelewa kidogo kwa makusudi. Ukiwa na lori au gari refu, elewa kwamba ramani za kawaida za simu hukuhesabu kama gari dogo. Hazijui kimo chako wala uzito wako, na daraja la chini litakutambulisha lenyewe. Tafuta programu ya malori.

Hatua ya 4: Ipigie hesabu yake

Hapa ndipo penye utamu. Kanuni mama ya kutafuta njia fupi aliibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, amekaa kwenye mgahawa Amsterdam akinywa kahawa, kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, aliichapisha 1959. Programu za leo zimeongeza mbinu za kuharakisha, lakini kiini ni kile kile: kila kipande cha barabara kina gharama, na njia yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Gharama hiyo kwa kawaida ni sekunde. Uzuri wa barabara, giza, mashimo na hofu yako havimo, isipokuwa mtu amevigeuza kuwa sekunde.

Tufanye mfano. Njia ya lami ina kilomita 14 na ramani inaipa mwendo wa kilomita 70 kwa saa: dakika 12. Njia ya mkato ya vumbi ina kilomita 9, na kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba ni ya vumbi, imepewa mwendo wa 50 kwa saa: dakika 10 na sekunde 48. Ya vumbi imeshinda kwa sekunde 72, nawe unaambiwa ukunje. Ukiingia, mashimo yanakuruhusu 20 kwa saa. Kilomita 9 kwa mwendo huo ni dakika 27. Hesabu haikukosewa popote. Kilichokosewa ni ile 50.

Kwa hiyo ukipewa njia mbili, tazama tofauti ya muda. Ikiwa mkato unaokoa dakika moja au mbili, uache. Waswahili walishasema baki njia kuu, ingawa wao walikuwa wanazungumzia michepuko ya aina nyingine. Binafsi sichepuki kwa chini ya dakika tano mchana, na usiku sichepuki kabisa kwenye barabara nisiyoijua.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kile kioja cha kutolewa barabara kuu na kurudishwa papo hapo. Njia ya kutokea na ya kuingilia zikiwa zimepewa mwendo mkubwa kupita ukweli, au kipande cha barabara kuu kikiwa kimeandikwa mwendo mdogo kwa sababu ya ujenzi uliokwisha zamani, kuchepuka kunaonekana kuokoa sekunde tatu. Sekunde tatu zinatosha kushinda. Kompyuta haioni haya kumsumbua mtu kwa sekunde tatu.

Na ukizungushwa mtaa mzima kwa kona tatu badala ya kukunja mara moja kukatisha magari yanayokuja, huenda hilo si kosa. Kona za kukatisha hupewa sekunde za ziada kwa sababu unasubiri nafasi. Kampuni ya kusafirisha vifurushi ya UPS ya Marekani, wanakoendesha upande wa kulia, inasifika kwa kupanga safari zake ikipunguza kona za kushoto.

Hatua ya 5: Jaribio la pini mbili

Kama njia ya ajabu inajirudia kila siku mahali pale pale, foleni au hakuna foleni, shuku mchoro. Jaribio hili unaweza kulifanya ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Weka pini ya kuanzia mita 50 kabla ya njia panda unayoishuku, na ya kumalizia mita 50 baada yake, kwenye barabara unayotaka kukunjia. Omba njia ya gari. Jibu linapaswa kuwa mita 100. Ukipewa kilomita 4, umeshamshika mwizi, imebaki kumjua jina.

Sasa zigeuze pini, mwanzo uwe mwisho. Upande wa pili ukitoa mita 100, tatizo ni la uelekeo: barabara imeandikwa kuwa ya njia moja, au kuna katazo la kukunja. Nenda ukatazame kama kibao cha katazo kipo kweli kabla hujailaumu ramani. Nimewahi kubishana na ramani wiki nzima kumbe kibao kilikuwa nyuma ya mti. Pande zote mbili zikikataa, omba njia ya miguu. Ya miguu ikipita na ya gari ikikataa, barabara imeandikwa kuwa ya waenda kwa miguu, au imefungwa kwa magari tangu walipokuwa wakiijenga. Ya miguu nayo ikikataa, basi mistari haijaunganishwa.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Kwenye ramani ya kompyuta barabara ni mstari unaopita kwenye nukta nyingi. Ili programu iamini kwamba unaweza kutoka barabara moja kuingia nyingine, lazima barabara hizo zimiliki nukta moja kwa pamoja. Mchoraji akikosea nusu mita, kwa jicho lako mistari imegusana, kwa programu moja inapita juu ya nyingine kama daraja. Ikuze ramani hadi mwisho na wakati mwingine utaliona pengo lenyewe, jembamba kama uzi.

Hatua ya 6: Hakikisha inajua ulipo

Chini ya anga wazi, simu hukosea mita 5 hivi. Barabara kuu na ile ya pembeni yake zinaweza kuwa karibu zaidi ya hapo, na barabara ya juu na ya chini yake ziko mahali pamoja kabisa kwa anayetazama kutoka angani. Katikati ya maghorofa hali ni mbaya zaidi, maana mawimbi yanagonga kuta kabla ya kufika kwenye simu, na kila sehemu ya milioni ya sekunde inayopotea ni kosa la mita 300.

Dalili yake ni hii: unaambiwa "geuza gari" wakati uko sawa kabisa. Usigeuze. Endelea mita mia chache mpaka kidoti kitulie. Ukiwa bado umesimama na mshale unatazama nyuma, tembea nayo hatua chache nje ya gari, au izungushe simu hewani kwa umbo la namba nane ili dira yake ijipange.

Hatua ya 7: Usiiamini foleni kupita kiasi

Rangi nyekundu kwenye ramani inatokana hasa na mwendo wa simu za madereva wengine. Februari 2020 msanii Simon Weckert alitoa video inayomwonyesha akitembea polepole katika mitaa ya Berlin akivuta kigari chenye simu 99, huku Google Maps ikionyesha foleni kwenye barabara iliyokuwa tupu. Kinyume chake pia ni kweli: barabara isiyopitwa na mtu haina nyekundu, na programu inaweza kudhani ni nyeupe pee. Juni 2019, ajali ilipoziba barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Denver, karibu magari mia moja yalipelekwa kwenye njia ya udongo baada ya mvua. Ya mbele yakanasa, ya nyuma yakakosa pa kupita.

Ukiona umepewa mkato mpya na mbele yako kuna msururu wa magari yanayokunja pale pale, ujue mmeshauriwa wote na dada mmoja.

Hatua ya 8: Ilazimishe

Ukishajua njia unayoitaka, usibishane na sauti. Ongeza kituo cha kati: gusa mahali kwenye barabara unayoitaka, chagua kuongeza kituo, kiweke katikati ya mwanzo na mwisho. Kituo kiwekwe katikati ya kipande kirefu kisicho na makutano, na kiwe upande wako wa barabara. Ukikitupa upande wa pili utaambiwa ugeuze ukakiguse. Kwenye kompyuta mara nyingi unaweza kuuvuta mstari wenyewe kwa kipanya, kisha ukaituma safari kwenye simu. Na kama utapita pasipo na mtandao, pakua ramani ya eneo hilo ukiwa bado mjini, ukikumbuka kwamba ya kupakua haitakuambia habari za foleni ya leo.

Hatua ya 9: Ukiwa barabarani

Kibao cha barabarani kinashinda skrini. Macho yanashinda vyote viwili. Mwaka 2012 watalii watatu kutoka Japani waliambiwa na kifaa chao kwamba kuna barabara ya kwenda kisiwa cha North Stradbroke, Australia. Maji yalikuwa yamekupwa, wakaingia kwenye tope la Moreton Bay, gari likanasa, maji yakajaa wakiwa wanalitazama.

Ukiwa na shaka, simama mahali salama ndipo uishike simu. Kama kuna mwenyeji karibu, muulize swali moja tu: "Gari dogo kama hili linapita leo?" Usimwulize kama barabara ipo. Ipo.

Hatua ya 10: Ripoti, lakini kwa maneno yanayosaidia

Programu karibu zote zina mahali pa kuripoti kosa. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa 2004 na ambayo programu nyingi hujengwa juu yake, unaweza kuacha ujumbe juu ya ramani, au ukajisajili urekebishe mwenyewe.

Ripoti yangu ya kwanza maishani niliandika hivi: "Njia yenu mbovu, inatuzungusha." Haikujibiwa, na sishangai. Ya pili niliitoa kwenye jaribio la pini mbili: "Kwenye makutano haya gari linaruhusiwa kukunja kushoto likitokea kaskazini. Hakuna kibao cha katazo, nimepita leo asubuhi. Programu inazungusha kilomita 4. Kurudi kunakubali, kwa hiyo nadhani kuna katazo la kukunja lililobaki tangu wakati wa ujenzi." Nikaweka pini juu ya makutano yenyewe, nikaambatanisha picha mbili, moja kwa kila upande.

Baada ya siku tisa nikarudia jaribio nikiwa kitandani. Mita 100.